Motokaa Isiyokwenda: Thamani Yake Ni Nini?

Kuna swali ambalo watu wamelijadili tangu zamani, nalo ni hili: thamani ya kitu iko wapi? Je, iko katika kitu chenyewe, au katika kazi kiifanyayo, au katika moyo wa mtu akitamaniye? Swali hili laweza kuulizwa juu ya jembe, juu ya shamba, juu ya kanga ya arusi iliyowekwa sandukuni isivaliwe. Sisi tumependa kuliuliza juu ya kitu ambacho wasomaji wetu wengi hawanacho wala hawatarajii kuwa nacho, yaani zile motokaa za mbio za zamani zenye tabo, ambazo matajiri wa Ulaya na Marekani na Japani huzitafuta, huzifufua, huzikusanya, na kuziuza mnadani kwa bei za kushangaza. Tumechagua mfano wa mbali kwa makusudi, kwa kuwa ni rahisi kuichunguza tamaa isiyo yetu bila kukasirika.

Kwanza yafaa tueleze tabo ni kitu gani, maana wengi hulisikia jina hili kwa mafundi au hulisoma nyuma ya malori, lakini kazi yake hawaijui. Wote mmemwona mhunzi akifua chuma. Makaa peke yake hayampi moto wa kutosha. Hana budi kuwa na mvukuto wa kuyapulizia hewa. Injini nayo ni kama tanuru: petroli huungua humo kwa kadiri ya hewa iliyoingia, na hewa ikizidi, petroli nyingi zaidi yaweza kuungua, na nguvu huzidi. Basi tabo ni mvukuto wa injini. Lakini mhunzi ana kijana wa kuuvuta mvukuto wake, na injini haina kijana. Kwa hiyo moshi unaotoka, ambao ungetupwa bure, huzungusha kigurudumu chenye mapezi, nacho huzungusha kigurudumu cha pili kilichofungwa katika ekseli ile ile, na hicho cha pili husukuma hewa ndani ya injini. Vigurudumu hivyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Aliyebuni jambo hili ni Alfred Büchi, mtu wa Uswisi, mwaka 1905. Kwa miaka mingi lilitumika katika meli na ndege na mitambo mikubwa, kabla ya kutiwa katika motokaa za watu.

Tabo ina tabia yake. Hukawia. Dereva akikanyaga mafuta, huona kwanza kimya kidogo, kisha nguvu zote humjia kwa ghafula, kama punda aliyegoma kisha akatoka mbio. Porsche 911 Turbo, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1974, ilipata jina la kutisha kwa ajili ya tabia hiyo. Watu waliiita mfanya wajane. Tena tabo hupata moto mkali sana. Dereva akitoka katika mwendo wa kasi na kuzima injini papo hapo, mafuta yaliyomo katika beringi huungua yakawa kama masizi magumu, na beringi huharibika. Kwa sababu hiyo mwenye kuitunza huiacha injini ingurume polepole dakika moja au mbili, ipoe, ndipo aizime.

Sasa tuje katika habari ya thamani, nasi twaanza na motokaa ambayo habari zake zatufundisha mengi.

Mwaka 1962 kiwanda cha Oldsmobile huko Marekani kilitoa motokaa iitwayo Jetfire. Ilikuwa miongoni mwa motokaa mbili za kwanza duniani kuuzwa kwa watu zikiwa na tabo. Ya pili ilikuwa Chevrolet Corvair ya mwaka ule ule. Injini yake ilikuwa ya alumini, yenye silinda nane na ujazo wa lita 3.5, nayo ilitoa nguvu za farasi 215. Lakini wahandisi waliona shida: hewa iliyosukumwa na tabo ilikuwa na joto jingi, na petroli ilitaka kulipuka kabla ya wakati wake na kuzigonga pistoni. Wakatafuta dawa. Waliweka tangi dogo la maji safi yaliyochanganywa na methanoli nusu kwa nusu, pamoja na dawa kidogo ya kuzuia kutu, ili yanyunyizwe ndani ya injini na kuipoza. Dawa ile ilifaa sana. Ila ilitaka kitu kimoja kwa mwenye motokaa, nacho ni kukumbuka kulijaza tangi lile.

Hawakukumbuka. Tangi lilipokuwa tupu, kifaa fulani kiliizuia injini isitoe nguvu zake zote, ili isivunjike. Nao wenye motokaa wakanung'unika kwamba wameuziwa kitu kibovu. Msomaji atakuwa amekwisha kuwakumbuka wanawali watano waliokwenda arusini na taa bila akiba ya mafuta. Mwisho wake kiwanda kilikubali kuziondoa tabo katika motokaa za waliotaka, na kuwawekea kabureta ya kawaida. Motokaa zilizotengenezwa zilikuwa karibu 9,600 kwa miaka miwili, kisha kazi ikaachwa. Nyingi zikapoteza tabo, na nyingine zikafa kama motokaa zote zifavyo.

Leo mambo yamegeuka. Mkusanyaji akitafuta Jetfire, kitu cha kwanza akiulizacho ni kama tabo yake ya asili ingalipo. Kile kilichofunguliwa na kutupwa pembeni mwa gereji kwa kuwa kilisumbua, ndicho kitafutwacho sasa kwa taabu na kwa fedha. Je, chuma kile kimebadilika? Hakikubadilika hata kidogo. Uzito wake ni ule ule, umbo lake ni lile lile, na kazi yake ni ile ile. Kilichobadilika ni watu. Wa kwanza walikuwa na vingi na hawakuvijali. Wa leo wana vichache na wanavililia. Twaona basi kwamba bei ni habari za watu kuliko kuwa habari za kitu. Yatuonyesha wangapi wanataka na vingapi vimebaki. Haituambii kama kitu ni chema. Bei ya Jetfire isiyoguswa imejengwa kwa usahaulifu wa wale wengine maelfu, na mtu ajivuniaye bei hiyo yampasa ajue kwamba si yeye aliyeifanya.

Tungeweza kutoa mifano mingi ya namna hii. BMW 2002 Turbo ya Ujerumani ilionyeshwa mwaka 1973, na jina lake likaandikwa mbele kinyumenyume, ili dereva aliye mbele alisome sawasawa katika kioo chake na kuondoka njiani. Kiburi kile hakikudumu. Miezi michache baadaye petroli ikawa adimu ulimwenguni kwa ajili ya vita vya Mashariki ya Kati, watu wakachukia motokaa yenye kunywa mafuta na kuwatisha wengine barabarani, na baada ya kutengenezwa 1,672 tu kazi ikaisha mwaka 1975. Kwa kuwa ni chache, leo zina bei kubwa. Hapo kushindwa kumegeuka kuwa utajiri, lakini si kwa wale walioshindwa.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nalo ni habari ya kufufua. Neno hili twalitumia kwa woga, maana sisi Wakristo tuna matumizi yake makubwa kuliko haya. Walakini mafundi hulitumia, nasi tutawafuata. Motokaa ya miaka hamsini hupatikana imeliwa na kutu milangoni na chini ya sakafu. Fundi huivua yote mpaka hubaki bodi tupu. Hukata bati lililooza na kuchomea jipya, huipiga rangi, huifungua injini na kubadilisha pistoni, beringi na mipira, na tabo huipeleka kwa fundi mwingine ili ekseli yake ipimwe isicheze. Kazi hiyo huweza kupita saa elfu moja. Mwisho hutoka gereji motokaa ing'aayo kuliko siku iliyotoka kiwandani. Je, ni ile ile?

Plutarch, mwandishi wa Wayunani, asimulia kwamba watu wa Athene waliihifadhi merikebu ya shujaa wao Theseus kwa miaka mingi, wakiondoa ubao uliooza na kutia ubao mpya, hata wenye hekima wakagombana: wengine walisema ni ile ile, wengine walisema siyo. Watu wetu wa pwani hawangepoteza siku nyingi katika ugomvi huo. Jahazi la Lamu hubadilishwa mbao, na tanga, na mlingoti, na nahodha, nalo huitwa kwa jina lake lile lile, kwa sababu halikuacha safari zake, na kila ubao uliotiwa ulitiwa mbele ya macho ya watu wanaolijua. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vinavyoendelea kuelea vimeundwa mara nyingi. Nasi twadhani jawabu liko karibu na hapo. Kinachofanya chombo kuwa kile kile si kwamba hakuna kilichoguswa, bali kwamba habari zake hazikukatika, na aliyekigusa hakuficha.

Kwa hiyo fundi mwema huandika. Huandika bati gani ni la zamani na lipi ni jipya, injini imetoka wapi, namba ya chesisi ni ipi, na hupiga picha za kutu kabla hajaikata. Viwanda vingine, kama Ferrari, vina idara ya kuchunguza motokaa za zamani na kutoa hati ya kuthibitisha asili yake. Lakini palipo na bei kubwa, wadanganyifu hawako mbali. Wako wanaochukua BMW 2002 ya kawaida, ambayo ni nyingi, na kuivika vipande vya ile yenye tabo. Wako wanaokata namba ya chesisi kutoka motokaa iliyokufa na kuichomea katika nyingine. Wengine hurudisha nyuma saa ihesabuyo maili. Watu husema hayo ni mchezo wa matajiri kwa matajiri, yasitusumbue. Sisi hatukubali. Mtu hawezi kuishuhudia uongo motokaa, maana motokaa haina masikio. Amshuhudia uongo jirani atakayeinunua, na utajiri wa jirani huyo haumwondolei ujirani.

Kuna hata uongo usiovunja sheria yoyote. Wasomaji wa Kenya watakumbuka kwamba mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalishindwa kwa miaka mitatu mfululizo na Toyota Celica yenye tabo: mwaka 1984 kwa mkono wa Björn Waldegård, mwaka 1985 kwa mkono wa Juha Kankkunen, na mwaka 1986 kwa Waldegård tena. Motokaa hizo zilipita matope, mito, mawe na vumbi la Kenya kwa kilomita elfu na elfu. Tuseme mtu amepata moja iliyo na mibonyeo ya mawe chini ya tumbo lake na mikwaruzo ya miiba ubavuni. Akiinyoosha yote na kuipiga rangi mpaka mtu ajione usoni humo, amefanya nini? Yeye atasema ameirudishia uzuri. Sisi twasema amefuta barua iliyoandikwa na barabara zetu wenyewe, nasi tungemwomba aache angalau ubavu mmoja. Kutu tuiondoe, kwa sababu kutu hula. Lakini kovu halili kitu.

Sasa twafika kwenye jambo la tatu, ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Mwaka 1987 kiwanda cha Buick huko Marekani kilitoa motokaa nyeusi iitwayo GNX, yenye silinda sita na tabo, nayo ilikuwa na kasi iliyowaaibisha wenye motokaa za bei kubwa zaidi. Zilitengenezwa 547 tu. Watu walijua tangu siku ya kwanza kwamba zitakuwa adimu, na wengi walizinunua wakazipeleka moja kwa moja bandani, wakazifunika, plastiki ya kiwandani ikiwa bado juu ya viti. Mwaka ule ule Ferrari ilitoa F40, yenye tabo mbili, motokaa ya mwisho iliyotoka kwa idhini ya mzee Enzo Ferrari kabla hajafa mwaka 1988. Kiwanda kilikusudia kutengeneza karibu 400. Maombi yakawa mengi hata zikafika zaidi ya 1,300. Walanguzi wakauziana nafasi za kununua, bei ikapanda mbali juu ya bei ya kiwanda, kisha baada ya mwaka 1990 ikaanguka, na walioikopea fedha wakalia. Siku hizi imepanda tena, na F40 nzuri huuzwa kwa zaidi ya dola milioni mbili.

Sheria ya soko la motokaa hizi ni ya ajabu. Kila maili mwenye nayo aendayo, bei yapungua. Jembe hununuliwa ili lilime, na ng'ombe ili akamwe. Lakini hapa mtu hulipwa kwa kutokitumia kitu, na akikitumia kwa kazi kiliyoundiwa hutozwa faini. Motokaa iliyoundwa kukimbia kuliko nyingine ndiyo isimamayo kuliko zote. Na wanaodhani kwamba kwa kuisimamisha wanaihifadhi, hawamjui mnyama wao. Petroli iliyolala hugeuka gundi na kuziba njia. Mipira izuiayo mafuta hukauka na kupasuka. Mikanda ya injini huzeeka ikiwa imekaa. Matangi ya F40 yana mifuko ya mpira ndani yake, na mifuko hiyo yataka kubadilishwa baada ya miaka kadha wa kadha hata kama motokaa haikwenda hatua moja. Ekseli ya tabo, iliyozoea kuelea katika mafuta, hubaki kavu. Yule mtumwa wa mfano, aliyeificha talanta ya bwana wake ardhini, angalau aliirudisha nzima. Huyu wa motokaa hana hata hilo la kujitetea, kwa kuwa alichokizika chaoza.

Tuwalinganishe na mtu mwingine. Bill Gates, tajiri wa Marekani ajulikanaye na wote, alinunua Porsche 959 yenye tabo mbili. Serikali haikuiruhusu kuingia, kwa sababu motokaa ya namna ile haikuwa imepita majaribio ya kugongwa yaliyotakiwa na sheria. Ikakaa mikononi mwa forodha zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1999 ilitolewa kanuni mpya ya kuruhusu motokaa chache zenye sifa ya pekee, kwa sharti kwamba isiendeshwe zaidi ya maili 2,500 kwa mwaka. Huyu hakuifungia, alifungiwa. Twamhurumia kidogo, ingawa si kwa machozi mengi.

Lakini msomaji atatukatiza hapa, na ana haki. Atasema: mwajadili kama dola milioni mbili ziendeshwe au zisiendeshwe, na mtoto wa jirani hana ada ya shule! Heri motokaa zote hizo ziuzwe, maskini wapewe fedha. Neno hili ni zito, nasi hatulitupi. Ila tukumbuke kwamba lilikwisha kusemwa mara moja katika nyumba ya Bethania, juu ya chupa ya marhamu ya thamani, na aliyelisema kwa sauti kubwa hakuwa rafiki wa maskini. Marhamu ile ilimiminwa. Ilifanya kazi yake na nyumba yote ikanukia. Hapo ndipo tuonapo tofauti. Fedha anazopewa fundi kwa saa zake elfu moja si fedha zilizopotea: zimelisha nyumba yake, na kijana aliyemshikia taa amejifunza kuchomea bati na kusikiliza injini. Hatusemi kwamba hilo latosha kumpatanisha tajiri na Mungu wake. Hesabu hiyo si yetu. Twasema tu kwamba marhamu iliyomiminwa na marhamu iliyofungiwa ingojee bei ipande si kitu kimoja, ingawa chupa ni zile zile.

Mwenye banda atatujibu kwamba kama yeye asingeifungia, leo hakuna ambaye angejua GNX ilitoka kiwandani na rangi gani hasa, na skrubu zipi, na harufu gani vitini. Jawabu hili ni la kweli, nasi twalikubali. Fundi ahitaji kipimo cha kutazamia anapofufua nyingine. Walakini duka moja lahitaji mizani moja ya kupimia nyingine. Halihitaji mizani mia zilizofungwa kabatini. Ziwekwe motokaa mbili tatu mahali ambapo watu huingia na kuziona, zitunzwe na wanaojua. Nazo zilizobaki?

Kama mwenye nayo moja angetuuliza, tungemwambia aiondoe ile plastiki. Amwage petroli ya zamani, abadilishe mipira na mikanda, atie mafuta mapya, aizungushe injini kwa mkono kwanza ili tabo ipate mafuta kabla haijaamshwa. Kisha amchukue fundi wake, na kijana wa fundi akae nyuma, waende asubuhi moja barabara ilipo nyeupe, asikie kile kimya kidogo na nguvu zinazofuata. Wakirudi, aiache ingurume polepole dakika mbili kabla ya kuizima. Saa ya maili itakuwa imeongezeka, na bei itakuwa imepungua dola elfu kadha, wala hatumfichi hilo.